Jordan au Martin? Kama unaanza fantasia nene na unataka kimoja tu

Mtoto wa mama mdogo yuko Tanga, kamaliza form siksi anasubiri mambo ya chuo, juzi kanitumia voisi ya dakika nne nzima. Shikamoo kaka, za huko Dar, afu moja kwa moja kwenye shida yake: anataka kuanza kusoma zile fantasia nene za falme na mapanga, kila anayemuuliza anamtajia vitabu viwili, The Eye of the World cha Robert Jordan na A Game of Thrones cha George R. R. Martin, sasa aanze na kipi maana hela ya vyote viwili hana na muda wenyewe ni huu huu wa kusubiri chuo. Nikaitikia marahaba, nikaanza kumjibu, nikajikuta naandika gazeti. Basi acha niliandike vizuri na wengine wenye swali kama lake wafaidi.

Kwanza kwanini watu wanavitaja pamoja. Vyote ni kitabu cha kwanza cha mfululizo mrefu, cha Jordan kilitoka 1990, cha Martin 1996, vyote vina maneno kama laki 3 hivi, yaani ukishika toleo la karatasi laini ni kurasa karibu 800 na mkono unauma. Waandishi wote Wamarekani, wote wamezaliwa 1948. Hapo ndo kufanana kunapoishia. Jordan alipigana Vietnam, akasomea fizikia, akaja kuandika hadithi ya kizamani kabisa ya kijana wa kijijini, mzee mwenye hekima (kwake ni mwanamke, Moiraine), giza linalotaka kuimeza dunia na safari ndefu ya kulikimbia. Ukishasoma Tolkien, ile juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings ya 1954, utazijua kurasa za mwanzo za Jordan kama unavyoijua njia ya kwenu, na mwenyewe alishasema kwenye mahojiano kuwa alifanya makusudi, msomaji ajione yuko mahali anapopafahamu kabla hajamtoa. Martin yeye alishaandikia televisheni Hollywood miaka kadhaa, na inaonekana, kila sura yake inakatika pale pale unapotaka kujua kinachofuata, unajikuta saa nane usiku na kesho una kazi.

Sasa mwanzo. Hapa nina kisa. The Eye of the World nilikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini, jalada limekunjika, bei nzuri, sikukagua. Kumbe kurasa za mwanzo zote zimechomoka, utangulizi haupo, kitabu changu kinaanzia sura ya kwanza moja kwa moja. Na sura ya kwanza ni hivi: kijana anaitwa Rand anatembea na baba yake na mkokoteni wa farasi, wamebeba mapipa ya pombe ya matofaa na brandi wanapeleka kijijini kwa ajili ya sikukuu, baridi imegoma kuisha, upepo mkali. Rand anageuka nyuma anamwona mtu juu ya farasi, kavaa joho jeusi, anawafuata kimya. Upepo unavuma mpaka joho la Rand mwenyewe linataka kumtoka, ila lile joho la yule mpanda farasi halitikisiki. Hata pindo. Rand anajikwaa, akiinua macho hayupo.

Kile kipande ni kizuri sana, sitaki uongo. Lakini baada ya hapo unaingia kijijini, unatambulishwa kwa kila mtu, mwenye nyumba ya wageni, baraza la wazee wanaume, baraza la wanawake, nani kagombana na nani, fataki, msimulizi wa hadithi kaja, mchuuzi kaja, na mimi bila utangulizi nikawa najiuliza hivi tunasubiri nini. Niliweka chini mara mbili. Mwaka mmoja baadaye rafiki akanipa nakala nzima, nikasoma utangulizi wenyewe, dah. Mtu anazurura ndani ya jumba lililobomoka anamwita mkewe kwa jina, anacheka, anaongea peke yake, na maiti zimelala kila kona, na msomaji unajua kabla yake kwamba ni yeye kaua wote, mke na watoto, akiwa kichaa. Maana kwenye dunia ya Jordan ile nguvu ya uchawi ina upande wa wanawake na upande wa wanaume, upande wa wanaume ulitiwa sumu, mwanaume anayeugusa mwisho wake ni kurukwa na akili. Wanawake wao wanaitumia bila shida na ndo wenye sauti kubwa duniani humo.

Ukishaijua hiyo, kijiji chote kinabadilika. Kila kijana mle ndani, na wapo watatu wanaowindwa, unamwangalia ukijiuliza ni wewe? Sisi tumekua na sheria ya sinema za Kihindi na za makarate, steringi hafi. Jordan anaiheshimu hiyo sheria, steringi wake hafi na unajua hafi, ila anakuwekea kitu kibaya zaidi ya kifo mlangoni kabla hata hujamjua kwa jina. Kuwa mteule kwenye hiki kitabu ni laana. Watu wengi wanaoponda kwamba ni hadithi ile ile ya kijana mteule nahisi wameruka utangulizi kama mimi, tofauti wao walikuwa nao.

Martin naye ana utangulizi, mfupi, walinzi watatu msituni kwenye theluji wanafuatilia maiti zilizoonekana halafu zikapotea, unatisha, afu anauacha hapo na harudi kwenye mambo hayo kwa muda mrefu sana. Sura yake ya kwanza inakupiga papo hapo. Mtoto wa miaka 7, Bran, anapelekwa kwa mara ya kwanza kuangalia mtu akikatwa kichwa. Anayekata ni baba yake mwenyewe, bwana wa eneo zima, anao askari wa kumfanyia lakini hataki, anamfundisha mwanawe kwamba anayetoa hukumu ndiye ashike upanga. Kichwa kinaanguka, kijana mmoja anakipiga teke. Wakiwa njiani kurudi wanakuta mbwamwitu jike mkubwa ajabu kafa na kipande cha pembe ya paa kimemkwama kooni, na watoto wake bado wanatafuta maziwa. Hapo umesoma kurasa chache tu na umeshaijua ile familia nzima, nani mkali, nani ana huruma, nani mwanaharamu anayekaa pembeni. Kwa kuanza, Martin kashinda, na sioni wa kubisha.

Na Martin ile sheria ya steringi hana habari nayo. Siendelei, kuna ambao hawajaona tamthilia.

Kuhusu maadui. Kwa Jordan adui ni adui, viumbe nusu mtu nusu mnyama wanavunja milango usiku, wana makamanda wasio na macho, na juu yao kuna Mwenye Giza mwenyewe. Ukipenda kujua nani wa kumwombea na nani wa kumlaani, hiki ndo chako. Udhaifu wake ni kwamba kukutana na wale wanyama mara ya sita hakuogopeshi tena kama mara ya kwanza, wanakimbizwa, wanapona, wanakimbizwa. Kinachookoa ni pale anapotulia na kutisha polepole. Kuna mji uliokufa wanaingia kujificha, hata wale viumbe wanauogopa, vijana wanatoroka kwenda kushangaa majumba, wanakutana na jamaa mkarimu anayewaambia kuna hazina ndani njooni mchukue mtakacho, wanaingia, taa inawaka, na mmoja anagundua kila mtu mle ana kivuli isipokuwa mwenyeji wao. Mtu wa Tanga aliyesimuliwa usiku habari za yule mwanamke mzuri mwenye kwato haitaji kufafanuliwa hii. Mimi niliwasha taa.

Kwa Martin adui anategemea uko sura ya nani. Kila sura imepewa jina la mtu na unaona kwa macho yake, wapo wanane mbali na utangulizi. Familia unayoanza kuichukia ina kaka mfupi anaitwa Tyrion, mdomo mchafu, mlevi, na ni huyo huyo anayekaa kuchora tandiko maalum ili mtoto mlemavu wa familia pinzani aweze kupanda farasi. Ukishasoma hiyo utamchukiaje? Jordan kwenye kitabu cha kwanza hana mtu kama huyo, hata mmoja. Watu wake wema ni wema, wabishi ni wabishi, na ana ugonjwa wa wavulana na wasichana kutoelewana kila ukurasa, kila kijana anaamini mwenzake ndo anayejua kuongea na wasichana, mara ya kwanza unacheka, mara ya tano unataka kuwakalisha chini.

Majina jamani. Vyote vitakusumbua ila kwa namna tofauti. Jordan anatunga lugha, na kiumbe kimoja kina majina manne au matano, Myrddraal, Fade, Halfman, kutegemea uko nchi gani. Wengi wanalalamikia hili, mi nalipenda, maana ndivyo dunia ilivyo, samaki wale wale wa Ziwa Victoria kwetu dagaa, Kenya omena, Uganda mukene. Halafu nyuma ya kitabu kuna faharasa ya maneno, itumie. Martin majina yake ni rahisi kutamka, kina Jon na Robert, tatizo ni wingi, koo na wajomba na waliooa kwa nani na vita ya miaka 15 nyuma nani alimsaliti nani, na kila mtu anaongea kama vile we ulikuwepo. Aliichukua kwenye historia ya Uingereza, vile vita vya koo mbili kugombea taji miaka ya 1400, kwa hiyo inabidi usome kama unavyosikiliza bibi akieleza ukoo, usishike kila jina, mengine yatakaa yenyewe. Orodha za koo zipo nyuma nazo.

Katikati ndo Jordan anapopoteza watu. Kundi linatawanyika, Rand na mwenzake Mat wanatembea kwa miguu kuelekea mji mkuu, wanalala kwenye mabanda, wanapiga filimbi na kurusha mipira kwenye nyumba za wageni wapate chakula, wanagundua mmoja wa wateja ni mtu wa giza, wanakimbia, kesho hivyo hivyo. Na hapo hapo akaamua kuchezea muda, anaanza na tukio afu anarudi nyuma kueleza walifikaje, unajikuta unafungua kurasa za nyuma kuhakikisha kama hujaruka. Kila nyumba ya wageni inaelezewa, mwenyewe mnene au mwembamba, moto, paka, supu. Nilikuwa nasoma kwenye mwendokasi, nimetoka Kimara mpaka Kivukoni na wale vijana bado wako barabara ile ile.

Martin naye ana sehemu ya kulegea, watu hawaisemi tu. Daenerys yuko bara lingine kabisa, ng'ambo ya bahari, kitabu chote hakutani na hata mmoja wa hao wengine, kwa hiyo kila ukinogewa na fitina za ikulu unachomolewa unapelekwa nyikani kwa wapanda farasi. Ila sura zake ni chache, na ya mwisho... nimesema siendelei.

Mwisho wa kila kitabu unavutana sana. Jordan anakimbia. Baada ya kutembea polepole kurasa mia sita, lile Jicho lenyewe lililobeba jina la kitabu linakuja kuwa hoja kubwa wakati umebakiza kama robo, afu ghafla safari inaruka kaskazini, maadui wawili ambao hata hukuandaliwa vizuri wanatokea, kuna mwanga, kuna ngazi, kuna sauti, na ukimaliza unamuuliza aliyekisoma kabla yako, hivi pale kimetokea nini? Huo ndo udhaifu wake mkubwa kuliko wote na hata mashabiki wenzangu wanaujua. Lakini kimefungwa. Tatizo la kitabu hiki limeshughulikiwa kwenye kitabu hiki, ukiamua kuishia hapo unaweza kulala. Martin ni kinyume chake, kurasa mia za mwisho ni moto mtupu, kila kitu kinaeleweka, na hakuna kilichoisha, amefungua milango minane kaondoka.

Na hili linatuleta kwenye jambo ambalo mdogo wangu hakuuliza ila ndo lenyewe. Mfululizo wa Martin umepangwa vitabu saba, cha tano kilitoka 2011, cha sita mpaka naandika hapa bado. Ule wa Jordan ni vitabu 14 na kimoja cha nyongeza cha mambo ya nyuma, zaidi ya maneno milioni 4 kwa jumla, na yeye mwenyewe alifariki Septemba 2007 kabla hajamaliza, akaacha maelezo na vipande, Brandon Sanderson akapewa kazi ya kumalizia, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Umeisha. Kuna vitabu pale katikati vinatambaa kama konokono, kuanzia cha saba na nane huko, nakuambia mapema usije ukasema sikukuonya, lakini una uhakika kuna mwisho na ni wa maana. Mimi niliyesoma cha tano cha Martin nikiwa kijana, sasa hivi nina mvi mbili, najua ninachoongea.

Jambo la umri pia nilimwambia wazi. Cha Martin kina ngono, ubakaji, ndugu wa damu wanaolala pamoja, na Daenerys anaozwa akiwa na miaka 13 na mwandishi hafungi pazia. Kuna watu wazima wamekiacha kwa sababu hiyo hiyo na siwalaumu. Jordan hapo hana shida, damu ipo, vitisho vipo, ila unaweza kukiacha mezani sebuleni mama akakifungua popote na usiruke kumnyang'anya.

Wenye tamthilia nao. Ile ya Martin ilirushwa na HBO 2011 mpaka 2019, sizoni ya kwanza imefuata kitabu karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo kama umeshaiangalia, ule mshtuko mkubwa umeshaliwa, utabaki na raha ya kuingia vichwani mwa watu, ambayo si ndogo. Ile ya Jordan ya Amazon ilianza 2021 ikafutwa 2025 baada ya sizoni tatu, imebadilisha mengi, mfano Perrin, mmoja wa wale vijana watatu, amepewa mke ambaye kitabuni hana, hivyo hata kama umeiona kitabu bado ni kipya. Kwa wasikilizaji, cha Jordan ni saa kama 30, kinasomwa na Michael Kramer na Kate Reading, ambao ni mume na mke, Kramer anasoma sura za wanaume mwenzie za wanawake, burudani. Cha Martin kinakaribia saa 34, msomaji Roy Dotrice aliingia Guinness kwa kufanya sauti 224 za wahusika kwenye hicho kitabu kimoja, ila wapo wasichana wanaosikika kama vibibi, vumilia.

Kwa hiyo nilimjibuje. Nilimwambia kama ungekuwa mtu wa kuachia kitabu njiani, anayetaka kushikwa shati ukurasa wa kumi, au unayependa visa vya fitina na usaliti wa ndani ya nyumba (sisi wa Kiswahili tunao Fumo Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mtoto wake mwenyewe, Martin angeipenda hiyo), ningekupa Martin bila kufikiria mara mbili, na ni kweli kwamba sentensi kwa sentensi, mtu kwa mtu, ndicho kitabu kilichoandikwa vizuri zaidi. Lakini we una miezi ya kusubiri chuo, unasoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi, na nakujua, hadithi isiyo na mwisho itakunyima usingizi mwaka mzima utanipigia mimi simu. Chukua Jordan. Ukifika kwenye zile nyumba za wageni za barabarani soma haraka haraka, hakuna atakayekukamata.

Nimempa dereva wa basi kile kile cha mtumba ampelekee, cha jalada lililokunjika. Utangulizi nikaupiga picha kwenye nakala nzima, ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia WhatsApp na onyo asifungue kitabu kabla hajaumaliza. Jana usiku kaniandikia, shikamoo kaka, huyo wa joho lisilotikisika ni nani? Nimemwambia marahaba, endelea kusoma.